Natafuta nyumba ya kupanga Arusha, nina mbwa mmoja, madalali wananikimbia

mpangaji_sakina

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenyeji wa Chuga maana nimechoka. Nakaa Sakina kwenye kinyumba cha uani, vyumba viwili na jiko, mwenye nyumba ni mzee mmoja mstaarabu sana ila kijana wake anaoa na anataka kuingia humo na mkewe, kwahiyo nimepewa notisi mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kuhama sio shida, nimeshahama sana mjini hapa. Shida ni kwamba nina mbwa.

Anaitwa Bonge, jike, mbwa wa kienyeji aliyechanganya na jemani shepadi sijui kwa upande wa nani, sikio moja limesimama lingine limelala. Nilimuokota mtaroni barabara ya Ngaramtoni akiwa mdogo anaenea kwenye mkoba. Hajawahi kumng'ata mtu, mchana analala barazani, usiku anazunguka nyumba.

Sasa nikimpigia dalali maongezi yanaenda vizuriii mpaka nikitaja mbwa. "Ahaa dada una mbwa? Basi ngoja nimuulize mwenye nyumba ntakucheki." Ndo hivyo, hakucheki, na ukimpigia tena simu inaita mpaka inakata. Nyumba moja Njiro nilikubaliwa kabisa na mwenyewe kwa simu, nikapanda kifodi (daladala) kwenda kulipa, nimekwama kwenye foleni pale Kilombero dalali ananiambia pole dada kuna mtu katoa kodi ya mwaka mzima keshi. Yani siku hizi nyumba Arusha inatangazwa asubuhi jioni ina pazia. Na tangu waseme AFCON 2027 inakuja basi kila mwenye banda la kuku anataka kuligeuza Airbnb.

Uwezo wangu ni laki tatu mpaka tatu na nusu, miezi sita naweza kulipa kwa mkupuo. Kazini ni karibu na Mnara wa Saa. Naomba kujua, mbwa unamtaja mwanzo au mwisho? Na maeneo gani wenye nyumba hawana neno na mbwa? Kumgawa sitaki kusikia kwahiyo ushauri huo mniwie radhi.

chalii_wa_unga

Mpeleke Kisongo kwa Wamasai akachunge mbuzi, maisha yake yatakuwa mazuri kuliko yako 😂😂

mpangaji_sakina

Kaka Bonge anaogopa mbuzi.

dalali_mtembezi

Dada pole. Mimi nafanya hii kazi ya udalali upande wa Njiro na Moshono, nikwambie tu ukweli ambao wenzangu hawatapenda. Huyo dalali anayesema anaenda kumuuliza mwenye nyumba, HAENDI kumuuliza. Sisi tunakula kodi ya mwezi mmoja biashara ikifungwa, na nyumba nzuri ya laki tatu ina wateja wanne kwenye simu yangu muda huo huo. Mteja wa kwanza ana mbwa, wa pili hana, wa tatu hana. Nikianza kumbembeleza mwenye nyumba kuhusu mbwa nachelewa, dalali mwingine anaingiza mtu wake, maana nyumba moja tunakuwa nayo madalali hata sita. Kwahiyo wengi wa hao unaodhani wamekukataa hata hawajui kama upo duniani.

Cha kufanya omba kuongea na mwenye nyumba mwenyewe. Mwambie dalali "hela yako ipo palepale, we nikutanishe naye tu." Dalali akishajua hapotezi chake atakukutanisha.

La pili, usiseme nina mbwa ukanyamaza hapo. Mwenye nyumba akisikia mbwa tu anaona mbwa koko wa jalalani. Sema unatafuta nyumba inayojitegemea yenye fensi na geti, una mbwa wa ulinzi, amechanjwa, kadi ipo. Mbwa yuleyule, lakini hapo mwenye nyumba anaanza kufikiria wezi waliomwibia mpangaji wake aliyepita.

Maeneo. Njiro za Block zimekuwa ghali na hela yako itakupa apatimenti ya ghorofani, huko mbwa sahau, watu sita geti moja na pevingi mpaka mlangoni. Muriet na kule Olmoti ilikuwa ndo kimbilio la watu wenye mifugo yao, viwanja vipana na kodi ya chini, ila uwanja mpya wa mpira wa AFCON umeleta mafundi, mainjinia na watu wa kampuni, wanapangisha kwa mafungu. Angalia Moshono ya ndani, Olasiti, Moivaro, Ngaramtoni, au kama miguu haikuumi nenda Usa River. Hasa ulizia nyumba za watu walioko nje ya nchi. Kuna mtu yuko Marekani, nyumba imekaa na fensi yake, anaogopa isije ikang'olewa madirisha. Huyo mbwa kwake ni neema, atakuomba uje naye.

Alafu ujue umeingia sokoni wakati mbaya. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi utalii umechanganya, makampuni ya safari yanapangia wafanyakazi, afu vyuo vinafungua. Subiri mwezi wa kumi na moja uone simu zinavyopungua.

mpangaji_sakina

Asante sana mkuu, yani hii ya "hawajui kama upo duniani" imeniuma ila imenisaidia. Notisi hainifikishi mwezi wa kumi na moja. Na ile hela ya kuonyeshwa nyumba vipi, maana kila dalali elfu kumi elfu kumi na nyumba yenyewe ukifika unakuta ina wapangaji watano na choo kimoja.

dalali_mtembezi

Mwambie akutumie video kwanza, aanzie getini azunguke nyumba yote bila kukata. Akigoma kutuma video hana funguo ya hiyo nyumba.

mama_wa_moshono

Mwanangu mimi nina nyumba tatu za kupangisha Moshono na ni mmoja wa hao wanaosema hapana, acha nikueleze kwanini maana nyie mnadhani tunachukia tu wanyama.

Niliwahi kumpokea kijana mmoja na mbwa wake, kijana mzuri, ana adabu, anafanya kazi ya utalii, analipa kodi kabla sijadai. Tatizo akienda safari porini anakaa huko wiki nzima na mbwa anabaki amefungwa kwa mnyororo, anategemea mtoto wa jirani amtupie ugali. Mtoto akisahau, mbwa analia usiku kucha. Majirani hawampigii yeye kwasababu simu yake haishiki huko Serengeti, wananipigia mimi. Siku moja akakata mnyororo, akafukua tuta langu lote la sukuma wiki, akaua mitetea yangu, na mlango wa nyuma wa mninga ambao nilimlipa fundi hela nyingi akauparua kuanzia kwenye kitasa mpaka chini, yani sehemu ya chini ile mbao imekuwa na mistari minne minne imeingia ndani mpaka vanishi yote imetoka na ukipitisha kidole unachomwa na vibanzi. Kijana alipohama aliniambia "mama ntatuma fundi." Mpaka leo.

Na kupe. Watu hawasemi habari ya kupe. Mpangaji aliyeingia baada yake ana mtoto anatambaa, wakawa wanamtoa kupe kwenye masikio. Nilimwita mtu akapuliza dawa nyumba nzima kwa hela yangu.

Kwahiyo ukiniletea mbwa mimi siulizi kama anang'ata. Nauliza analala wapi, ukisafiri anabaki na nani, kinyesi chake unakitupa wapi, na mlango wangu ukiharibika nani analipa. Mpangaji anayenijibu hayo manne bila kubabaika namfikiria. Kijana yule hakunijibu hata moja, alinionyesha picha za mbwa kwenye simu.

kobe_mjanja

Dada hao wazee wana maneno mengi, ingia kimyakimya, lipa miezi sita, wiki ya pili unamleta usiku. Ukishalipa atakufanya nini? Mimi ndo nilivyofanya Kijenge.

mama_wa_moshono

Atakufanya nini? Mkataba wangu una mstari unasema mnyama yeyote kwa idhini ya maandishi, ukivunja unatoka kwa notisi na kwa mtendaji wa mtaa tunafika wote. Na siku hiyo unatoka wewe, begi na mbwa, ukatafute nyumba ya watatu nyie kwa siku chache, kipindi hiki. Jaribu uone mwanangu.

dalali_mtembezi

Na sisi tunaambizana. Mpangaji aliyemficha mbwa jina lake linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka Tengeru.

abuu_kaloleni

Assalaam alaykum wote na amani kwa wasio Waislamu. Nataka niongezee kitu ambacho kwenye haya mazungumzo watu wanakizunguka kwa aibu. Wenye nyumba wengi Waislamu wanakataa mbwa na mpangaji anaondoka amekasirika anadhani amebaguliwa. Sisi wa madhehebu ya Shafi, na ndio wengi Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, chombo akiramba kinaoshwa mara saba na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Sasa fikiria nyumba ya uani, bomba moja, ndoo zinapangwa nje, nguo zinaanikwa chini chini, mbwa anapita anajipangusa. Mtu anataka kuswali alfajiri anaanza kujiuliza maswali. Hapo mzee wa watu hakuchukii, anakwepa mzigo.

Lakini mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa, hilo liko kwenye hadithi, na wanazuoni wengi wanamweka na mbwa wa ulinzi hapo kwa kulinganisha. Baba yangu hapa Kaloleni hapangishi mwenye mbwa nyumba ya uani, ila shambani kwake Kisongo ana mbwa watatu. Kwahiyo dada ukikutana na mwenye nyumba Muislamu usiishie kwenye hapana ya kwanza. Muulize kwa heshima, kama nyumba ni ya kujitegemea, bomba lako peke yako, mbwa anakaa nje kwenye banda lake, je? Utashangaa wangapi watasema hiyo haina shida.

Nimeshakaa Tanga miaka kadhaa kikazi, huko ndo utajua Arusha tuna nafasi. Nyumba za kule mjini zimeshikana ukuta kwa ukuta, baraza za watu wazima kupumzika jioni, mbwa utamweka wapi? Rafiki yangu mmoja kutoka Rombo alihamishiwa kule na mbwa wake kipindi ambacho kila mtu anataka nyumba kwa ajili ya kazi za bomba la mafuta la Chongoleani, kodi imepanda, wenye nyumba wanachagua wapangaji kama wanachagua wachumba. Aliishia kupata nyumba Raskazone, zile za zamani zenye uwanja mkubwa, kwa bei ambayo mshahara wake uliisikitikia. Baadae mbwa akarudishwa Rombo kwa bibi. Arusha hujafika huko bado, shukuru Mungu kwa viwanja vya robo heka.

mpangaji_sakina

Waalaykum salaam kaka, asante sana kwa kunielewesha kwa upole. Sikuwahi kufikiria habari ya bomba na ndoo. Mzee wangu hapa ni Muislamu na ndio maana miaka yote alikuwa ananiambia "Bonge asivuke ule mti," nikawa najua anaogopa maua yake.

abuu_kaloleni

Hahaha huyo mzee muombee dua.

chanjo_kata

Mimi ni wa mifugo, niongee kwa ufupi maana niko na ng'ombe wa mtu anazaa hapa. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ndio kitambulisho cha mbwa wako. Mbwa anachanjwa akifikisha miezi mitatu alafu anarudiwa kila mwaka. Ikifika Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, huwa kuna kampeni za chanjo sehemu nyingi, bure au kwa hela kidogo, ulizia kwa afisa mifugo wa kata yako. Kadi iwe na tarehe, jina la mbwa, mhuri na sahihi. Mwenye nyumba akishika kadi yenye mhuri anaongea tofauti.

Kupe anaowalalamikia mama hapo juu wanazuilika, ogesha kwa dawa ya kuogeshea kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye chupa, na banda lisafishwe, maana kupe wengi wako kwenye nyufa za banda na ukuta hawako kwa mbwa. Ukiogesha mbwa ukaacha banda umefanya kazi bure.

Na dada umesema ni jike. Amefungwa kizazi? Kama bado, mara mbili hivi kwa mwaka atakuwa kwenye joto wiki mbili tatu, na mbwa madume wa Olasiti nzima watalala getini kwako wanapigana. Hapo ndipo wapangaji wengi wanafukuzwa, hata sio kwa kung'ata. Kufunga kizazi ni upasuaji wa kawaida, daktari wa mifugo anafanya, kidonda kinapona ndani ya wiki mbili hivi.

Ikitokea bahati mbaya amemng'ata au amemkwaruza mtu, hata kama amechanjwa, kidonda kioshwe na maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 alafu hospitali siku hiyohiyo. Mpangaji anayejua hilo na kulitamka mbele ya mwenye nyumba anaonekana ana akili timamu.

chalii_wa_unga

Kumbe mbwa ana kadi na mimi bima yangu imeisha 😭

mpangaji_sakina

Kadi ipo, alichanjwa mwaka jana so inakaribia kuisha, wiki hii nampeleka. Kizazi bado, ndo maana mwaka jana mwishoni hatukulala. Nimeanza kuulizia.

Mama wa Moshono shikamoo. Naomba nikujibu yale manne hapahapa hata kama huna nyumba ya kunipa, ili nijue kama majibu yangu yanafaa. Analala barazani kwenye godoro la zamani, ila nina fundi anayeweza kunitengenezea banda la mbao na bati, nikihama nahama nalo. Nikisafiri anabaki na dada yangu wa Sanawari, anakuja kulala kwangu, hafungwi mnyororo. Kinyesi nachimbia shimo mwisho wa uwanja na majivu juu, nafanya hivyo kila asubuhi kabla ya kazi. Mlango, niko tayari kuweka amana ya kodi ya mwezi mmoja, ukae nayo, siku natoka tunakagua wote ukikuta mkwaruzo unakata.

mama_wa_moshono

Marahaba mwanangu. Majivu nani alikufundisha?

mpangaji_sakina

Bibi yangu Machame, alikuwa na mbwa wawili na ng'ombe wanne na hakuna aliyesikia harufu.

mama_wa_moshono

Sawa. Godoro hapana, barazani kwangu kuna vigae na godoro linalowa mvua za masika linaoza. Banda ndio. Amana nayo iandikwe kwenye mkataba, sio ya mdomo, iandikwe ni kwa ajili ya uharibifu wa mnyama peke yake isije ikachanganywa na bili ya maji. Na iandikwe mbwa MMOJA na jina lake na rangi yake, maana kuna mtu alianza na mmoja nikaenda mwezi wa nne nikakuta wako saba.

chanjo_kata

Nilisema kuhusu kizazi mimi.

kobe_mjanja

Mnamsumbua mtoto wa watu, mbwa tu huyo.

dalali_mtembezi

@mpangaji_sakina angalia inboksi. Kuna nyumba Olasiti, vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko la ndani, LUKU yako mwenyewe, bomba lako mwenyewe na simtanki. Fensi ya tofali pande tatu, upande wa nyuma ni michongoma ambayo ina upenyo, huo utauziba wewe. Geti la bati, chini limeachwa juu kama futi hivi, mbwa mdogo anapita, huyo wako sijui. Laki tatu na ishirini, miezi sita. Mwenyewe yuko Mwanza, dada yake ndio anasimamia. Nimeshamwambia kuna mbwa wa ulinzi na amana ya mwezi mmoja. Kaniuliza swali moja tu, kama anabweka ovyo saa kumi alfajiri watu wa vifodi wakipita.

mpangaji_sakina

Anabweka kidogo siku za mwanzo mpaka azoee, nisidanganye. Akishawajua wanaopita ananyamaza. Mkuu naomba uniwekee mpaka kesho, nikitoka kazini saa kumi nakuja moja kwa moja. Nije naye au nije mwenyewe kwanza?

dalali_mtembezi

Kukuwekea siwezi kuahidi, kuna jamaa wa kampuni ya safari anaitaka keshokutwa asubuhi. Njoo kesho na hela ya kodi, siku hiyohiyo.

mama_wa_moshono

Nenda naye, na kamba nzuri, na kadi mkononi. Mlishe mapema kabla hamjatoka asije akafika pale akaanza kunusa sufuria za watu. Na ule upenyo wa michongoma uupige picha kabla hujalipa, mwandike kwenye mkataba nani anaziba na kwa hela ya nani.

mpangaji_sakina

Sawa mama. Kuna bodaboda yeyote humu anayekubali kubeba mbwa Sakina mpaka Olasiti kesho jioni? Wa bajaji pia sawa, vifodi wananikatalia.

chalii_wa_unga

Mimi nina bajaji. Elfu kumi na mbili, akikojoa kumi na tano.